Vitabu Saba vya Mtoto Mmoja: Kisa cha Rafu ya Darasa la Pili

Mama yake alikuja maktabani asubuhi, kabla kengele haijalia. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. "Mwalimu, mwanangu jana kaniomba nikija kumchukua nisimsemeshe kwa lugha yetu mbele ya wenzake. Ana miaka saba, hajawahi kuniambia neno kama hilo. Naomba unisaidie kujua kumetokea nini."

Sikuhitaji kumuuliza mtu. Siku hiyo nilikuwemo darasani, na vitabu vilivyomfikisha mtoto kwenye ombi hilo nilikuwa nimevichagua mimi.

Mimi ni mkutubi wa shule ya msingi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu walimu na wazazi huniomba orodha: ninunue vitabu gani ili kila mtoto ajione ndani yake? Orodha nilikuwa nayo, tena nzuri, na ilinipoteza. Jamii ya mtoto siitaji, wala nchi walikotoka wazazi wake. Wanaotufahamu wangemtambua mara moja, na yaliyompata yangeweza kumpata mtoto wa jamii yoyote iliyo na watu wachache mahali ilipo.

Darasa lenyewe lina watoto 31 wanaotoka katika nyumba zenye lugha zisizopungua sita. Rafu yao ilikuwa na vitabu vya picha themanini na kitu. Mwalimu wa darasa na mimi tulipovimwaga chini na kuvipanga upya, vingi vilikuwa vya wanyama: sungura, dubu, tembo anayeogopa giza. Vilivyobaki vilikuwa na watu, na watu hao karibu wote walikuwa wa sura moja, ile ya jamii iliyo kubwa zaidi mahali petu. Mvulana huyu hakuwa na hata ukurasa mmoja unaomhusu. Alikuwa mtoto mkimya anayeazima vitabu vya magari na kuvirudisha kesho yake. Pesa kidogo ya kuongeza vitabu ilipopatikana, nikaona tuanze naye. Nikanunua saba, vyote vya jamii yake, vyenye majalada ya kuvutia.

Mwalimu alichagua kimoja, akawakusanya watoto mkekani na kuanza kwa kusema, "Leo tunasoma hadithi ya kwao mwenzetu," huku akimtaja jina kwa upendo. Vichwa thelathini vikageuka. Kufika katikati ya kitabu maswali yakaanza. Kwenu mnaishi hivi? Baba yako naye anavaa hivi? Mbona hao hawana viatu? Mtoto akaangalia mkeka na kujibu kwa sauti ya chini, "Mimi sitoki huko."

Alisema kweli. Alizaliwa mji huu huu, katika hospitali ileile waliyozaliwa nusu ya wenzake.

Vitabu mezani

Nilimwomba mama arudi jioni tuvitazame vitabu pamoja. Alikuja na miwani yake na akasoma vyote saba, neno kwa neno, bila haraka. Alipomaliza alisukuma kimoja kando na kuniambia maneno ambayo tangu hapo sijachagua kitabu bila kuyakumbuka: "Hiki hakikuandikiwa mwanangu. Kimeandikiwa mtu anayetaka kutujua sisi."

Tukaanza kutafuta ni wapi hasa kitabu kinajionyesha kwamba kimeandikiwa nani. Vinne vilikuwa ngano za kale. Ngano si kosa, mama mwenyewe alizijua mbili na akacheka aliposoma moja. Lakini zilikuwa nne kati ya saba. Viwili vilikuwa vya sherehe, kimoja kilikuwa cha vita na kukimbia. Hakikuwemo hata kimoja ambamo mtoto wa jamii hiyo anaishi leo, ana jino linalotikisika, anagombana na dada yake, anachelewa shule. Mtu akisoma vitabu hivyo tu atajua kwamba watu hawa waliishi zamani, wanacheza ngoma, na wanateseka.

Kisha lugha. Katika kitabu kimoja cha sherehe, kila neno la lugha yao lilichapwa kwa herufi za mlazo, na sentensi iliyofuata ikalifafanua. Mhusika wa kitabu ni mtoto wa nyumba hiyo, anaongea na bibi yake, lakini anasimama kila mara kueleza maana ya maneno ambayo bibi ndiye aliyemfundisha. Anamweleza nani? Si bibi. Anamweleza msomaji wa nje, aliyekaa pale chumbani bila kuonekana. Mtoto wa nyumba hiyo akikisoma kitabu anahisi huyo mgeni yumo, hata kama hawezi kusema amejuaje.

Na neno moja lilikuwa kosa. Bibi anamsalimu mjukuu kwa salamu ambayo katika lugha yao mdogo ndiye humpa mkubwa. Ni kama kusoma kitabu cha Kiswahili ambamo bibi anamwambia mjukuu wake shikamoo. Msomaji wa nje hapati shida, anapita. Msomaji wa ndani anafunga kitabu hapo hapo.

Picha nazo tulizisoma peke yake, tukiyafunika maandishi kwa karatasi. Hili ni zoezi ninalompendekezea yeyote, kwa sababu mtoto wa miaka sita au saba husoma picha kabla ya maneno na huziamini zaidi. Katika ngano mbili watu wote walikuwa na uso mmoja, kama aliyechora alijifunza sura moja akairudia kwa mzee, msichana na mfalme. Katika kitabu cha vita, mama wa mtoto haonekani akifanya jambo lolote ila kulia. Anayetafuta njia, anayefungua mlango, anayetoa blanketi ni mtu wa jamii nyingine aliyefika mwishoni.

Walionitangulia kuliona hili

Mwaka 1965 mwalimu na mhariri Mmarekani, Nancy Larrick, alichapisha makala iliyoanza na swali la msichana Mweusi wa miaka mitano katika shule ya watoto wadogo mjini New York: kwa nini kwenye vitabu ni watoto Wazungu tu siku zote? Larrick alichunguza vitabu 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji 63 kwa miaka mitatu, 1962 hadi 1964, akakuta 349 tu, yaani asilimia 6.7, vyenye walau mtu Mweusi mmoja, hata kama ni kwa mbali katika picha. Watu wengi huishia kwenye hesabu hiyo, nami niliishia hapo: nilihesabu rafu, nikaona sifuri, nikanunua saba.

Aliyekwenda mbele ya hesabu ni Rudine Sims Bishop, mtafiti Mmarekani wa vitabu vya watoto. Wengi wanamfahamu kwa mfano wake wa mwaka 1990, kwamba kitabu huweza kuwa dirisha la kuwaona wengine, mlango wa kioo wa kuingia katika maisha yao, au kioo cha kujitazama. Mimi nilikuwa nikiutaja mfano huo kila mara nikizungumza na wazazi, na bado nilinunua madirisha saba nikidhani ni vioo. Iliyonisaidia zaidi katika kisa hiki ni kazi yake ya mwaka 1982, ambayo husomwa na wachache. Alichambua vitabu 150 vya hadithi za maisha halisi kuhusu Wamarekani Weusi, vilivyotoka kati ya 1965 na 1979, na akavigawa katika mafungu matatu. Kuna vilivyoandikwa ili kuamsha dhamiri ya msomaji Mzungu amhurumie Mweusi. Kuna vilivyochora watoto wa rangi tofauti huku vikifuta kila tofauti nyingine, hata usijue mtoto anatoka katika nyumba ya namna gani. Na kuna vilivyoandikwa kutoka ndani, kwa ajili ya msomaji wa ndani kwanza, ambamo familia, usemi na kumbukumbu za watu zipo bila kuombewa ruhusa.

Nilipoyasoma mafungu hayo upya nikaona vitabu vyangu saba vimejaa katika la kwanza. Haikunizuia kuangukia la pili.

Kosa lililofuata

Mwalimu wa darasa aliumia kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyetaja jina la mtoto. Alipendekeza turudi kwa wanyama. "Dubu hana kabila," alisema. "Kila mtoto atajiona humo, na hakuna atakayenyooshewa kidole." Hoja hii nimeisikia kwa wachapishaji, kwa wazazi, kwa walimu wenye nia safi kabisa, na inastahili jibu la maana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza jaribio walilofanya na watoto wa miaka minne hadi sita. Walisomewa hadithi ya kugawana vitu, wengine yenye watu, wengine ileile yenye wanyama wanaovaa na kuongea kama watu. Waliosomewa ya watu waligawa stika zao kwa wingi kuliko kabla ya kusoma. Waliosomewa ya wanyama hawakuongeza. Mtoto mdogo hachukui kirahisi ya dubu na kuyaweka katika maisha yake. Kwa hiyo dubu si kioo cha wote. Na pale ambapo wanyama wamejaa rafu, wakiongezwa watu wa jamii moja tu, wengine wanabaki vilevile. Hesabu ya vitabu vya mwaka 2018 nchini Marekani, iliyotokana na takwimu za Cooperative Children's Book Center ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ilionyesha hivyo: wahusika Wazungu asilimia 50, wanyama na vitu asilimia 27, Weusi asilimia 10, na wenyeji asilia asilimia 1.

Tukakubaliana kutafuta vitabu vya kisasa, vya watoto wa kila rangi pamoja. Tukapata vitatu, jalada zuri, watoto sita wameshikana mikono. Hakuna aliyenyooshewa kidole. Pia hakuna aliyeviazima mara ya pili. Mvulana wetu alikisoma kimoja akakirudisha, nikamuuliza kikoje, akasema, "Kizuri," kwa sauti anayotumia mtoto mtu mzima anapomuuliza.

Tulipovisoma kwa makini tukagundua kwamba mwenye kuongoza mchezo, kukosea, kujuta na kushinda alikuwa mtoto yuleyule wa jamii kubwa, katika vyote vitatu. Wengine watano walikuwa wanatabasamu nyuma yake. Nchini Uingereza, Centre for Literacy in Primary Education, taasisi inayoshughulikia usomaji katika shule za msingi, ilipochapisha mwaka 2018 ripoti yake ya kwanza juu ya vitabu vya watoto vilivyotoka 2017, ilitenganisha mambo haya mawili: kati ya vitabu 9,115, asilimia 4 vilikuwa na mhusika wa jamii zenye watu wachache nchini humo, lakini vilivyomfanya kuwa mhusika mkuu vilikuwa asilimia 1. Kuwemo pichani ni jambo moja. Kuwa na jambo unalolitaka, ukaliendea, ukalikosa au ukalipata, ni jambo jingine.

Tulichokuja kukitafuta

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu, majuma kadhaa, mama yake akiwa nasi. Tulijifunza kuuliza swali moja kwa namna mbili. Kwanza: nikibadilisha jina la mtoto na rangi ya uso wake, je, itanibidi nibadilishe neno lingine lolote? Kama hapana, kitabu hakimjui. Pili: nikiondoa sentensi zote zinazoeleza desturi, je, inabaki hadithi? Kama haibaki, kitabu kinamtembeza mtoto kama kitu cha maonyesho. Tulitaka kilichopo katikati, ambapo kwao mtoto kuko pale kama meza na viti vilivyo chumbani, hakuna anayevieleza, na hadithi inahusu jambo lingine kabisa.

Tulipata cha kwanza cha namna hiyo kuhusu msichana asiyetaka kumpa mdogo wake kitanda chake cha zamani. Ni hayo tu. Lakini mama anapokasirika anahamia kwenye lugha yao katikati ya sentensi, bila herufi za mlazo wala tafsiri, na picha ya uso wake inamweleza kila msomaji kilichosemwa. Mama wa mvulana alisoma ukurasa huo akaweka mkono mdomoni. "Hivi ndivyo ninavyogomba," alisema.

Swali la nani ameandika lilitugawanya. Taasisi ya Wisconsin ilipoanza kuhesabu vitabu vya mwaka 1985 ilikuta 18 tu vya waandishi au wachoraji Weusi kati ya takribani 2,500, na tangu ilipopanua hesabu yake inatenganisha vitabu vilivyoandikwa na watu wa jamii fulani na vitabu vinavyowahusu, kwa sababu namba hizo mbili hazilingani. Mwaka 2015 mwandishi wa Uholanzi, Corinne Duyvis, alianzisha alama ya mtandaoni ya kuwatambua waandishi wanaoshiriki asili na wahusika wao. Mwaka 2021 shirika la We Need Diverse Books, linalotetea vitabu vya watoto wa kila jamii, likaacha kuitumia, kwa kuwa ilikuwa imegeuka lebo ya kuuzia na kuwalazimisha waandishi kutangaza mambo yao ya ndani. Mimi naona hivi: asili ya mwandishi ni sababu ya kukitazama kitabu mapema na kwa matumaini, na pia ni haki ya riziki kwa waliofungiwa mlango muda mrefu. Haiwezi kusoma kitabu kwa niaba yangu. Ezra Jack Keats alikuwa Mmarekani Mzungu wa familia ya Kiyahudi, na kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu mtoto Mweusi anayecheza kwenye theluji, kilichopata mwaka uliofuata medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha, hakimwelezi mtoto huyo kwa yeyote. Kinamfuata tu siku nzima. Nancy Larrick mwenyewe alikilaumu kwa namna mama alivyochorwa. Mambo yote mawili ni kweli kwa kitabu hichohicho.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba wasomaji wa ndani nao hawakukubaliana. Tulimwomba baba mmoja wa jamii ileile apitie vitabu tulivyokusudia kununua. Kimoja, ambacho mama alikipenda kuliko vyote, kina watoto wanaochanganya lugha ya nyumbani na ya shuleni. Baba yule akakikataa. Kwake ni aibu kumchapia mtoto lugha iliyovunjika. Mama akamjibu kwa heshima, "Kaka yangu, ndivyo wanavyoongea nyumbani kwako pia." Walibishana nusu saa mbele yangu, na nikashukuru kuwa nilisikia. Mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, alieleza mwaka 2009 jinsi, akiwa na miaka saba kama mvulana wetu, alivyoandika hadithi za Wazungu wenye macho ya buluu wanaocheza kwenye theluji, ilhali alikuwa Nigeria na hajawahi kuiona, kwa kuwa vitabu alivyosoma vilikuwa hivyo. Na akaonya juu ya kuwajua watu kwa hadithi moja. Nilikuwa karibu kuifanya hadithi ya mama mmoja kuwa hadithi ya jamii nzima. Tukanunua kitabu alichokipenda mama na kingine alichokichagua baba.

Tulivyopanga upya

Vile saba havikutupwa vyote. Chenye salamu iliyokosewa nilikiondoa, na nikamwandikia mchapishaji nikieleza kosa. Ngano nzuri mbili, zile mama alizozijua, zimekaa kwenye kisanduku cha ngano pamoja na za jamii nyingine zote. Mbili zenye uso mmoja tuliachana nazo. Cha vita kiko maktaba kuu kwa ajili ya madarasa ya juu, na karibu yake tumeweka kingine ambamo wanaokimbia ndio wanaopanga njia. Cha sherehe kilichobaki hutoka pamoja na vitabu vya sherehe za watu wengine.

Hatukuweka rafu yenye maandishi ya "tamaduni za dunia". Kitabu cha kitanda kiko kwenye vitabu vya ndugu na nyumbani, kwa kuwa kinahusu ndugu na nyumbani.

Mwalimu wa darasa amebadilisha namna ya kusoma kwa sauti. Hatangazi tena kitabu ni cha kwa nani. Anasoma. Mtoto akisema "hata sisi kwetu tunasema hivi", anampokea na kuendelea, asiposema, haulizwi. Na wale waliouliza siku ile hatukuwakemea, kwa sababu wao nao tulikuwa tumewanyima kitu. Mtoto wa jamii kubwa aliyezungukwa na vioo vyake tu hukua akidhani yeye ndiye kipimo cha watu, na Bishop aliliandika hilo wazi katika makala yake ya 1990. Maswali yao yalikuwa ya watoto waliofunguliwa dirisha moja, mara moja, tena kwa kuoneshwa mwenzao aliyekaa nao mkekani.

Kuna pacha wawili wa darasa hilohilo ambao kwa lugha ya kwao hatujapata kitabu kilichochapwa kwa umri wao. Bibi yao amekubali kutusimulia kisa cha mbuzi aliyeingia darasani alipokuwa msichana. Watoto wanachora, mimi nashona kurasa kwa uzi. Kurasa tisa zimekwisha, na bibi amekataa mchoro wa mbuzi mara mbili kwa sababu pembe zake si hizo.

Mvulana bado hazungumzi sana. Mama anasema anapokuja kumchukua huanza yeye kwa lugha ya nyumbani, lakini akiwa na mtoto mmoja hivi wa darasa lake hunyamaza kwanza, kisha huendelea. Kitabu cha kitanda kimeanza kuchakaa kwenye pembe. Nyuma ya jalada kuna kadi ya kuazimia. Jina la kwanza ni la msichana aliyeuliza habari ya viatu, linafuata la mtoto ninayejua ana mdogo mchanga nyumbani. Lake liko mstari wa nne, na tena wa saba.